Utamu wa tunda la joka huishia siku linapokatwa

Waheshimiwa wakulima, wasindikaji, wauza matunda, na ninyi ndugu zangu mliokuja kwa sababu mnapenda kula: asanteni kwa kufika, na asanteni kwa kunipa nafasi hii.

Nimeombwa nizungumzie aina za tunda la joka, lile ambalo wengi hulijua kwa Kiingereza kama dragon fruit, na matumizi yake. Nitafanya hivyo. Lakini naomba nianze na lawama moja, kwa kuwa naisikia karibu kila ninapolitaja tunda hili, na naamini wengi wenu mmewahi kuitoa wenyewe: "Limependeza kwa nje, ndani hamna kitu. Maji matupu." Mtu hulinunua mara moja kwa kuvutiwa na rangi, analikata, anaonja, anaweka kijiko chini. Harudi tena. Mkulima naye anabaki akijiuliza soko limekwenda wapi.

Mlaji huyo hakukosea. Alichokula kweli hakikuwa na ladha. Ninachowaomba tukubaliane leo ni kwamba chanzo chake kinajulikana, na kiko mikononi mwetu sisi tunaopanda, tunaovuna na tunaouza. Tunda lile lilikatwa kabla ya wakati wake, au lilitoka kwenye aina iliyochaguliwa kwa sababu inavumilia safari na inapendeza dukani. Mara nyingi ni yote mawili kwa pamoja.

Yapo matunda yanayoendelea kuiva yakishakatwa. Ndizi hukatwa mbichi zikaivia ndani. Embe, parachichi na papai vivyo hivyo. Tunda la joka halimo katika kundi hilo. Sukari yake yote huletwa na shina, na siku kikonyo kinapokatwa ndiyo siku utamu unapokoma kuongezeka. Baada ya hapo rangi inaweza kukolea kidogo, nyama ikalainika, uchachu ukapungua, na mnunuzi akadhani linaiva pale jikoni. Kumbe linazeeka tu. Kwa hiyo ule ushauri wa "liweke siku mbili tatu litaiva" tuache kuwapa wateja wetu. Hauna msaada wowote.

Sasa tazameni mtego ulipo. Ganda la tunda hili hugeuka kutoka kijani kuwa jekundu kwa ghafla, ndani ya siku chache, kwa kawaida mwezi mmoja hivi baada ya ua kuchanua. Penye baridi huchelewa zaidi. Siku lilipogeuka, tayari linavutia kwa macho, na mnunuzi akiwa amesimama shambani na gari lake, mkasi unatoka mfukoni. Lakini sukari bado inaingia. Liacheni siku kadhaa zaidi, na tunda lilelile, la mmea uleule, linakuwa kitu kingine kabisa.

Sitamlaumu mkulima anayekata mapema, kwa sababu najua anachokimbia. Tunda gumu husafiri vizuri. Tunda lililokomaa hasa, mvua kubwa ikilinyeshea baada ya ukavu, hupasuka kwenye kitovu. Sisimizi, ndege na nzi wa matunda nao hawachelewi. Hasara hiyo ni ya kweli. Ila kuna hasara nyingine isiyoandikwa kwenye daftari lolote, nayo ni ya yule mlaji asiyerudi. Anayeuza karibu na shamba lake hana sababu hata moja ya kuvuna kama anayesafirisha ng'ambo.

Dalili za kutazama ni hizi. Rangi iwe imekamilika ganda zima, hata upande usioona jua. Ncha za magamba ziwe zimeanza kunyauka na ule ukijani wake kufifia. Ukilibonyeza kwa kidole gumba liitikie kidogo, bila kubonyea. Mwenye refraktomita, kile kifaa kinachopima sukari kwa tone moja la maji ya tunda, apime katikati na apime pia karibu na ganda, kwa sababu katikati huwa patamu zaidi, na anayepima hapo peke yake anajidanganya.

Nikija kwenye mmea wenyewe, nitakuwa mfupi, maana wengi wenu mnao. Ni dungusi, lakini msilifikirie dungusi la jangwani lililosimama wima juani. Asili yake ni misitu ya Mexico na Amerika ya Kati, ambako hutambaa juu ya miti na miamba ukijishikilia kwa mizizi inayoota kwenye mashina yake. Wenyeji wa huko walilila tunda hili kabla Wahispania hawajafika. Wafaransa walilipeleka Vietnam katika karne ya 19, na huko, hasa Binh Thuan, Long An na Tien Giang, likawa zao kubwa la kuuzwa nje. Siku hizi China nayo imelipanda kwa wingi kusini mwake, Guangxi na Guangdong.

Asili hiyo ya msituni inaeleza mambo mengi yanayowasumbua watu. Jua kali la siku nzima huubabua mmea: shina hugeuka manjano, likapauka, likaoza pale lilipoungua. Kivuli chepesi huusaidia. Mizizi yake ni ya juujuu, inapenda mboji, na haistahimili maji yaliyotuama. Na kama madungusi mengine, hufungua vitundu vyake vya kupumulia usiku ili kuvuta hewa ukaa, kisha mchana huvifunga usipoteze maji. Ndiyo maana hustahimili kiangazi. Kustahimili, hata hivyo, si kuzaa. Mmea uliokaushwa utaishi, lakini matunda yatakuwa madogo.

Sasa aina. Hapa naomba tukae kidogo.

Wataalamu wa mimea waliyaweka madungusi haya kwa muda mrefu katika jenasi iliyoitwa Hylocereus, na jina hilo bado limejaa kwenye vitabu. Tangu mwaka 2017 yamehamishiwa Selenicereus. Nalitaja hili ili mkikuta majina mawili msidhani ni mimea miwili.

Ya kwanza, inayojulikana kuliko zote, ina ganda jekundu na nyama nyeupe: Selenicereus undatus. Ndiyo iliyoifanya Vietnam kuwa maarufu. Ina nguvu, inazaa sana, tunda lake ni kubwa, na magamba yake marefu ya kijani hukaa vizuri hata baada ya safari. Kwa mfanyabiashara haina mpinzani. Utamu wake ni wa wastani. Kipimo cha Brix, yaani cha sukari iliyomo kwenye maji ya tunda, mara nyingi husoma kati ya 10 na 13 katikati ya tunda. Likivunwa mapema hushuka chini ya hapo, na ndilo lile "maji matupu". Likivunwa kwa wakati na kuliwa baridi, huwa na uburudisho mwepesi ambao mimi naupenda sana siku ya joto. Anayetafuta utamu wa kujaa mdomo asilaumu tunda. Achague aina nyingine.

Ya pili ni nyekundu ndani na nje. Hapa pana spishi zaidi ya moja, Selenicereus costaricensis na Selenicereus monacanthus, ambayo wauza miche wengi bado huiita polyrhizus. Pia kuna machotara mengi kati ya hizi na ile nyeupe. Vietnam wana chotara lao liitwalo LD1. Kwingine utasikia American Beauty, Physical Graffiti na majina mengine mengi. Nawatahadharisha kuhusu majina hayo: mmea mmoja huuzwa kwa majina matatu, na mimea mitatu kwa jina moja. Mkinunua pingili, yaani vipande vya shina vya kupandia, ulizeni maswali mawili tu. Nyama yake ni ya rangi gani? Je, linajichavusha lenyewe? Muuzaji asiyejua jibu la swali la pili hajui anachouza.

Ladha ya nyekundu ni nzito kuliko ya nyeupe, na sukari mara nyingi hupita ile ya nyeupe. Magamba yake, katika aina nyingi, ni mafupi na hunyauka upesi. Wengi huona nyekundu iliyokolea na kuamini moja kwa moja kwamba rangi ndiyo utamu. Rangi ni rangi. Nimeonja nyekundu nyingi zilizokuwa hafifu kabisa, na sababu ilikuwa ileile ya mkasi uliowahi.

Ya tatu ni ya manjano yenye miiba: Selenicereus megalanthus, mwenyeji wa Colombia, Ecuador, Peru na majirani zao. Nyama yake ni nyeupe, mbegu zake ni kubwa kidogo, na tunda lenyewe ni dogo. Kwa utamu hakuna inayoikaribia. Brix ya 18 na zaidi ni jambo la kawaida. Ile itokayo wilaya ya Palora, nchini Ecuador, imekuwa kubwa na maarufu kiasi kwamba Palora limekuwa jina la aina. Kama ndivyo, mbona si kila mtu anaipanda? Kwa sababu inadai subira. Tunda lake hukaa kwenye mmea miezi kadhaa, ambapo nyeupe na nyekundu humaliza kwa mwezi mmoja hadi mwezi na nusu. Miiba nayo ni lazima isuguliwe kwa brashi kabla ya kupakia, ingawa likishakomaa hubanduka kwa urahisi. Hiyo pia ni dalili nzuri ya kuvuna: miiba inayong'ang'ania inasema bado.

Iko na manjano nyingine, isiyo na miiba, ganda laini na nyama nyeupe. Hiyo ni ndugu wa ile nyeupe ya kwanza, na mara nyingi ladha yake ni ya huko. Msiuziwe hii kwa bei ya ile.

Ndugu zangu, swali lile la kujichavusha lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Ua la mmea huu ni jeupe, kubwa, hufikia sentimita 30 kwa urefu, nalo hufunguka jioni na kunyauka asubuhi inayofuata. Nafasi ni usiku mmoja. Huko lilikotoka, popo na nondo wakubwa ndio wanaobeba chavua. Kwingineko kunategemea bahati: nyuki huja alfajiri, hukusanya chavua, lakini si lazima waifikishe pale inapotakiwa, kwenye ile ncha iliyogawanyika vidole vidole katikati ya ua.

Nyeupe nyingi hukubali chavua yake yenyewe. Nyekundu nyingi huikataa. Mtu akipanda ekari nzima ya nyekundu moja, pingili zote zikiwa zimetoka kwa mmea mmoja, amepanda mmea mmoja uliorudiwa mara elfu. Maua yatachanua, shamba litapendeza ajabu, kisha yatadondoka yote. Nguzo za kuupandishia mmea zimesimama, zege lake limelipiwa, na tunda hakuna. Dawa yake ni kuchanganya aina mbili au tatu zinazochanua pamoja, na kwa wengi wetu, kuingia shambani usiku au alfajiri na brashi laini na kikombe cha chavua. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ben-Gurion, Israel, walioukuza mmea huu katika jangwa la Negev chini ya nyavu za kivuli, walionyesha kwamba kuchavusha kwa mkono kwa chavua ya mmea mwingine huleta tunda kubwa zaidi. Sababu yake ni rahisi kuikumbuka: chavua nyingi nzuri hufanya mbegu nyingi, na tunda hukua kwa kadiri ya mbegu zake. Zile chembe nyeusi ambazo watu huzipita bila kuzitafuna ndizo zilizolikuza.

Na kwa kuwa mtabadilishana pingili hapa leo, niseme neno kuhusu ugonjwa. Uko ukungu uitwao Neoscytalidium dimidiatum unaotoboa mashina kwa madoa yaliyobonyea, yanayogeuka vidonda vya kahawia, na kwenye tunda huacha magaga au uozo. Umezisumbua Vietnam, Malaysia, Taiwan na Florida. Husafiri kwa pingili na kwa mkasi. Pingili yenye doa usiipokee hata ukipewa bure. Mkasi uufute kwa spiriti kabla ya kuhamia mmea mwingine. Pingili safi iache ikauke jeraha kivulini wiki moja hivi, kisha ipande.

Matumizi, basi. Njia ya kwanza, na kwangu iliyo bora, ni kulila jinsi lilivyo: likate katikati, chota kwa kijiko, kamulia ndimu. Ndimu hulifanyia nyeupe kazi kubwa, kwa sababu linachokosa mara nyingi ni uchachu wa kuuamsha utamu wake mdogo. La manjano halihitaji chochote.

Nyekundu ina kipawa kingine, nacho kinatakiwa kuwahusu wasindikaji waliomo humu. Rangi yake inatokana na betalaini, kundi lilelile la rangi linalopatikana kwenye bitiruti na mchicha mwekundu. Inaweza kupaka rangi aiskrimu, maziwa ya mgando, tambi na mikate bila kemikali ya kiwandani. Lakini haipendi moto. Ukichemsha juisi kwa muda mrefu, ile zambarau inayong'aa hufifia ikawa hudhurungi. Anayetengeneza jamu aipike sukari na pektini, ile inayoifanya jamu igande, kwanza, tunda aliingize mwishoni, na atie maji ya ndimu. Anayetaka kuhifadhi, agandishe rojo. Hudumu na rangi yake. Kukausha kwa joto la chini hutoa vipande vitamu kuliko tunda bichi, maana maji yametoka na sukari imebaki, na hapo hata nyeupe hafifu hupata heshima. Unga wa nyekundu iliyokaushwa kwa kugandishwa husafirishwa mbali na huuzwa vizuri. Wapo pia wanaochachua tunda kupata mvinyo.

Ganda msilitupe. Lina rangi hiyohiyo na lina pektini. Ondoeni magamba, osheni vizuri, chemsheni kidogo, sageni. Linafaa kuipa jamu uzito.

Ua nalo ni chakula. Kusini mwa China hukaushwa na kutiwa kwenye supu, ambamo hutoa utelezi kidogo. Na hapa kuna habari njema: siku mbili tatu baada ya uchavushaji, petali zinaweza kukatwa bila kulidhuru tunda changa. Wakulima wengi huziondoa hata hivyo, kwa sababu zikioza juu ya tunda huleta ukungu. Kwa hiyo mavuno haya ya pili yapo tayari shambani, na wengi tunayatupa chini. Mbegu zina mafuta, karibu nusu yake yakiwa asidi ya linoleiki, aina mojawapo ya asidi za mafuta, lakini kuzitenganisha na ule ute ni kazi ya kiwanda, si ya nyumbani.

Kuhusu afya nitasema kwa uangalifu, kwa sababu hapa ndipo watu wanapodanganywa. Tunda la joka lina maji mengi, kama asilimia 85, lina nyuzinyuzi, na mbegu zake husaidia haja kubwa. Hilo la mwisho ni la kweli sana kwa la manjano. Anayelila mara ya kwanza asile matatu. Vitamini C ipo, lakini haifikii hata kidogo ile ya pera. Baada ya kula nyekundu, mkojo na choo vinaweza kuwa vyekundu. Ni rangi tu inayopita, mtu asikimbilie hospitali. Ama kuhusu madai kwamba linatibu kisukari au saratani, tafiti zilizofanywa kwa watu ni chache na ndogo, na anayeandika madai hayo kwenye lebo anaweza kumfanya mgonjwa aache dawa. Naomba, kwa heshima zote, tusiuze tunda hili kwa hofu za wagonjwa. Lina utamu wa kutosha kujiuza.

Na msimu? Mmea huchanua siku zikiwa ndefu. Wavietnamu walilitambua hilo, wakaanza kuwasha taa mashambani katikati ya usiku katika miezi ya siku fupi, ili mmea udhani usiku ni mfupi, na hivyo wakapata matunda nje ya msimu. Gharama ya umeme si ndogo, na kwa mwenye shamba dogo sishauri aanzie hapo. Aanze na kuvuna kwa wakati, ambako hakuna gharama yoyote.

Nimalizie kwa maelekezo ya meza zile nyuma yenu. Kila sahani ina jina la aina yake na idadi ya siku tangu ua lilipochanua. Sahani mbili za kwanza ni nyeupe, za mmea mmoja: ya kushoto ilikatwa siku ganda lilipogeuka, ya kulia wiki moja baadaye. Onjeni hizo mbili kabla ya kitu kingine chochote, bila ndimu. Kisha nyekundu. La manjano liwe la mwisho, tafadhali, kwa sababu ukianza nalo yote mengine yataonekana hafifu. Refraktomita iko mwisho wa meza, na vipande vya kupimia vimeshakatwa. Pingili ziko nje kivulini, zimekaguliwa; anayechukua nyekundu achukue za mimea miwili tofauti.

Asanteni sana. Karibuni mezani, na maswali niulizeni hukohuko.